Albamu isiyo na jina, kiwanda cha bibi na punda wa jirani

Punda alilia dakika ya nne ya wimbo wa tatu. Hakulia kidogo. Alitoa kile kilio cha punda wa Lamu kinachoanza kama pampu mbovu ya kisima na kuishia kama bawaba isiyojua mafuta. Wanawake kumi na wawili waliokuwa wakigonga pembe za vugo, ngoma yetu ya wanawake ya harusini, katika kiwanda cha nyumba ya marehemu bibi yangu hawakusita hata mmoja. Waligonga, wakaitikia, punda akamaliza yake, wimbo ukaendelea. Mimi nilikuwa ghorofani nimelala kifudifudi, waya wa maiki mkononi, nikijisemea kazi ya wiki mbili imekwenda na maji.

Kwa wasomaji wa bara: kiwanda kwetu Amu, yaani Lamu, si pahala pa kutengenezea sabuni. Ni ule uwazi wa ndani ya nyumba ya mawe, usio na paa, ambao vyumba huutazama. Mchana jua huingia humo, usiku mwezi, na sauti ikiingia haitoki haraka. Ukikohoa kiwandani, aliye juu anajua una kikohozi cha aina gani.

Nilikuwa kule juu kwa sababu ya ami yangu na kwa sababu ya mzee mmoja aliyebeba kuni mgongoni. Nianze na ami.

Ami alikuwa na duka la kurekodi kanda katika Usita wa Mui. Waliozaliwa na simu mkononi hawatalijua duka la aina hiyo. Ulileta kaseti tupu au ulinunua kwake, ukamwambia upande A nataka taarabu fulani, upande B kasida, kisha ukarudi kesho yake. Nyuma ya meza kulikuwa na deki mbili zilizounganishwa kwa waya, moja ikipiga, moja ikinasa. Kazi yangu, nikiwa na miaka minane, ilikuwa kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Biki ili mota isichoke, na kuandika majina kwenye vibandiko, maana hati ya ami ilisomwa na ami peke yake.

Alikuwa na sheria moja asiyoivunja hata kwa mteja wa mbali: usinakili nakala. "Kanda ya kwanza ni mama," alikuwa akisema, "ya pili ni binti, ya tatu ni jirani." Kila ukinakili unaongeza ule mfoko wa chini, *shhhh*, na sauti ya mwimbaji inarudi nyuma hatua moja. Mama zote alizifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni.

Chini ya kabati hilo ndipo lilipokaa sanduku la mzungu. Katikati ya miaka ya 70, mahipi walipokuwa wamejaa Lamu kama kunguru wa Mombasa, mmoja alikodi chumba cha juu kwetu. Alfajiri moja alipanda boti akiwa na deni la kodi la miezi mitatu. Aliacha pleya, sindano mbili na sahani tano za santuri, zote za bendi za Uingereza. Babu alitaka zitupwe baharini. Ami akazichukua badala ya kodi.

Msinielewe vibaya, ami hakuupenda muziki ule. "Hawa wanapiga kelele kama watu waliopoteza kitu," alisema. Lakini akishafunga duka, baada ya Isha, alikuwa akiweka sahani, anafumba macho na kusikiliza jinsi *walivyorekodi*. Aliisikiliza kazi ya fundi mwenzake. Mimi nikikaa chini ya meza, nikasikiliza naye.

Sahani ya kwanza ilikuwa ile ya Beatles yenye umati wa watu kwenye jalada, *Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band*, iliyotoka mwaka 1967. Ami aliipiga mara mbili, akanyamaza, kisha akasema: "Hapa wamenakili nakala. Tena mara nyingi. Lakini mbona haifoki?" Swali hilo lilimsumbua miaka. Jibu nilikuja kulisoma mimi mwenyewe nikiwa mtu mzima, yeye akiwa hasikii vizuri tena. Studio za EMI pale barabara ya Abbey, London, zilikuwa na mashine za njia nne tu. Njia nne maana yake unaweza kunasa vitu vinne mbalimbali kwenye utepe mmoja, basi. Zikijaa, fundi Geoff Emerick na prodyuza George Martin walizichanganya zote nne na kuzihamishia kwenye njia moja ya mashine ya pili, wakapata tatu tupu za kujaza upya. Ami alikuwa sahihi kabisa: ni binti juu ya binti. Isipokuwa utepe wao ulikuwa mpana, mashine zao zilikuwa kubwa kama kabati, na kila uamuzi walioufanya haukuwa na kurudi nyuma. Ukishaichanganya ngoma na gita ukavitia njia moja, vimeoana, talaka hakuna.

Kwa wimbo wa mwisho wa albamu ile, tarehe 10 Februari 1967, waliita wanamuziki 40 wa okestra wakawarekodi mara nne ili wasikike kama 160, na fundi Ken Townsend akalazimika kufunganisha mashine mbili ziende sambamba. Kazi ya albamu nzima inakadiriwa kula saa 700 hivi. Bendi hiyo hiyo, miaka minne nyuma, tarehe 11 Februari 1963, ilirekodi nyimbo kumi za albamu yake ya kwanza kwa siku moja. Siku moja! John Lennon alikuwa na mafua, kwa hiyo ule wimbo wa kupasua koo, "Twist and Shout", waliuweka mwisho kabisa, maana walijua akishauimba hataimba kingine. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Mwisho wa sahani ile pia walitia mlio mwembamba sana wa kuwachokoza mbwa. Lamu mbwa ni wachache, nikamjaribu paka wetu. Aliendelea kulala.

Sahani ya pili ilikuwa na picha ya suruali ya jinzi kutoka kiunoni kwenda chini, na zipu ya kweli ya chuma inayofunguka. *Sticky Fingers* ya Rolling Stones, 1971. Bibi aliigeuza iangalie ukuta na haikugeuzwa tena mpaka alipofariki. Ami yeye alikasirishwa na zipu kwa sababu nyingine: chuma kile hukwaruza sahani ya jirani. Kumbe watengenezaji wenyewe walipata shida hiyo hiyo maboksi yalipobanana njiani, wakapata dawa ya kuishusha zipu nusu ili ibonyeze kibandiko cha katikati na sio mifereji ya sauti.

Ya tatu ilikuwa Queen, *A Night at the Opera*, ya mwaka 1975. Ya hiyo nina kisa kimoja tu. Jioni moja wimbo ule mrefu, "Bohemian Rhapsody", ulifika pale kati wanapozozana kwa sauti nyingi, na bibi, aliyekuwa akichambua mchele msanani, ile baraza ndefu inayotazama kiwanda, akainua kichwa: "Amesema bismillahi?" Ami akarudisha sindano. Kweli, bismillahi, si mara moja. Bibi akauliza hii ni kasida ya wapi. Ami akasema ya Uingereza. Bibi akaendelea na mchele wake akiwa amewakunjulia uso Waingereza kidogo. Alikufa kabla sijajua kuwa mwimbaji yule, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, na kwamba familia yake iliondoka mwaka 1964. Ningemwambia, angesema "si nilikwambia." Kipande kile cha kati walikijenga watatu tu, wakirudia na kurundika sauti zao juu ya utepe mmoja mpaka utepe ukalika, ukiuinua unaona mwanga upande wa pili.

Sasa mzee wa kuni.

Sahani ya nne haikuwa na jina. Si la bendi, si la albamu, mbele wala nyuma. Ilikuwa na picha tu: ukuta wenye karatasi iliyobambuka, na juu ya ukuta fremu, na ndani ya fremu mzee mwenye ndevu, ameinama, mzigo mkubwa wa vijiti mgongoni, ameegemea fimbo. Ami, ambaye kazi yake ilikuwa majina na vibandiko, aliudhika. Mtu anatoaje kitu kisicho na jina? Nikaandika mimi kwenye kibandiko, kwa hati yangu nzuri: MZEE WA KUNI. Kwetu inaitwa hivyo mpaka leo. Ulimwenguni wanaiita Led Zeppelin IV. Ilitoka tarehe 8 Novemba 1971, na kampuni iliyoiuza iliudhika kama ami. Mpiga gita Jimmy Page na wenzake walikuwa wamechoshwa na waandishi waliosema bendi inabebwa na sifa tu. Wakaamua watu wasikie muziki bila jina. Waliweka alama nne za ajabu ndani, moja kwa kila mwanabendi. Marekani pekee zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 20.

Picha yenyewe mwimbaji wao, Robert Plant, aliinunua katika duka la vitu vya kale mjini Reading. Miaka hamsini watu walidhani ni mchoro. Mwaka 2023 mtafiti mmoja akaipata picha ya asili katika albamu ya zamani: ni fotografia ya mwaka 1892, na mzee yule aliitwa Lot Long, wa mji wa Mere, jimbo la Wiltshire. Na kazi yake? Fundi wa kuezeka mapaa ya nyasi. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza. Miaka yote tumemwita mzee wa kuni, kumbe ni mwenzao mafundi wetu wa makuti wa hapa. Kuni zile si kuni za kupikia, huenda ni vifaa vya kazi. Ami nilimpigia kelele sikioni kumweleza. Akasema: "Basi badilisha kibandiko." Sijabadilisha.

Wimbo wa mwisho wa sahani hiyo ndio ulionipandisha ghorofani. "When the Levee Breaks", wimbo wa kizamani wa watu weusi wa Marekani, wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, uliorekodiwa kwanza mwaka 1929 kuhusu mafuriko ya mto Mississippi. Unaanza na dramu peke yake. Ami alikuwa akiusikiliza mwanzo ule, sekunde kumi hivi, anarudisha, anasikiliza tena. "Hii si studio," alisema. "Hii ni nyumba."

Aligundua kwa sikio, bila kusoma mstari mmoja. Bendi ilikuwa imehamia Headley Grange, jumba la mashambani Hampshire lililojengwa mwaka 1795 kuwahifadhi mafukara, baridi na bovu. Nje waliegesha gari la studio la Rolling Stones, mitambo yote ndani ya lori, waya zikaingizwa ndani ya nyumba. Dramu mpya ya John Bonham iliwekwa ukumbini, chini ya ngazi inayopanda ghorofa kwa ghorofa. Fundi Andy Johns hakuzizungushia ngoma maiki kama ilivyokuwa desturi. Alining'iniza mbili tu, juu, kwenye ngazi, zikiangalia chini. Kisha sauti ikapitishwa kwenye mtambo wa mwangwi wa Binson, uliotengenezwa na Mtaliana (ndugu zangu wa Malindi, msije mkasema Mtaliana hakutajwa). Walipomaliza wakapunguza mwendo wa utepe, ndiyo maana dramu inatembea kama ndovu aliyeshiba.

Hapo nina la kuongeza. Wateja wa ami walisikiliza kwa redio kaseti za betri, na betri zikichoka mwendo hupungua. Kuna watu wazima Lamu hii wanaoujua wimbo ule ukiwa umepunguzwa mara mbili, mara moja na Jimmy Page, mara ya pili na betri za mawe.

Basi. Mwaka juzi kundi la wanawake wa vugo wa mtaani kwetu lilinijia. Mimi ndiye mwanamke pekee wanayemjua mwenye kirekodi, kidogo cha mkononi, nilichonunua kikiwa kimetumika Mombasa. Kina njia nne. Ndiyo, nne, kama za Beatles, na nilijivunia hilo kuliko inavyostahili. Walitaka nyimbo zao zinaswe kabla waliobaki wanaozijua hawajaondoka duniani. Lakini walikuwa na masharti, na masharti yalitokana na kidonda.

Miaka kadhaa nyuma kuna watu wa hoteli waliwaalika wapige vugo ufukweni mbele ya kamera. Waliambiwa ni kumbukumbu. Wakapewa soda na keki. Baadaye binti ya mmoja wao, aliyeolewa mbali, akaisikia sauti ya mamake kwenye tangazo la kuuza vyumba. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyelipwa, na wanaume wa mji mzima wamesikia sauti za wake za watu. Kiongozi wao, tunayemwita Bimkubwa, aliponisimulia hakupaza sauti. Alikunja tu ncha ya leso, akaikunjua, akaikunja.

Nikamsimulia ya sahani ya tano, ile nyeusi yenye mwanga unaogawanyika rangi: *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, 1973. Nilipokuwa mdogo nilipenda wimbo wake wa pesa, kwa sababu unaanza kwa sarafu na karatasi zinazochanika vikizunguka kwa mapigo saba. Walikata vipande vya utepe, wakavipima kwa rula, wakaviunga duara. Sarafu Roger Waters wa bendi hiyo alizirusha ndani ya bakuli kubwa alilokuwa mkewe akikandia udongo wa ufinyanzi. Lakini niliyemsimulia Bimkubwa si huyo. Ni Clare Torry. Jumapili moja ya Januari 1973 waliita mwimbaji wa kukodi, hawana maneno ya kumpa, wakamwambia aimbe bila maneno. Akajifanya ala. Akalia, akapanda, akashuka, akaona haya, akadhani hawataitumia. Alilipwa paundi 30, malipo maradufu kwa kuwa ni Jumapili. Albamu ikakaa wiki 741 kwenye orodha ya Billboard kati ya 1973 na 1988. Alishtaki mwaka 2004, wakapatana mwaka uliofuata, na tangu hapo jina lake limo miongoni mwa watunzi.

Bimkubwa akauliza: "Aliimba bila maneno?" Nikampigia wimbo huo kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyu anapiga vigelegele vya msiba. Kisha: "Paundi thelathini na sisi keki. Afadhali yeye."

Masharti yakawa haya. Majina yao yasitajwe. Picha hakuna. Mwanamume asiwepo wakati wa kurekodi, na nakala zikae kwa wanawake. Na tusiende studio ya mtu.

Kwa hiyo tukaenda nyumbani kwa bibi, mtaa wa Mkomani, nyumba iliyobaki na popo na funguo ninazo mimi. Siku ya kwanza niliwakaliza msanani, chini ya boriti, kwenye mikeka. Ovyo. Dari ya chini, mikeka, mabuibui ya watu kumi na wawili, sauti ya pembe ikafa kama imefunikwa blanketi. Nikawahamishia kiwandani. Hapo ikawa kinyume, kila pigo la kijiti juu ya pembe likarudi mara tatu kama mtu anayepiga makofi chumba cha pili. Nikazunguka nikipiga makofi mwenyewe mtaa mzima ukanisikia. Mwishowe niligundua kitu: wakiutazama ukuta mtupu, mwangwi unarudi mkali, wakiutazama ukuta wa zidaka, vile vishimo vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu, sauti inapasuliwa vipande vidogo na kurudi laini. Waliozichonga zidaka walitaka kuweka vyombo vya kichina. Sidhani walifikiria pembe za ng'ombe. Lakini ukuta ule unafanya kazi ambayo studio hununua mbao ghali kuifanya.

Nikapanda juu na maiki mbili, nikazining'iniza kwa kamba ya kanga kutoka ukingoni, kama mikono mitatu juu ya vichwa vyao. Mbili tu. Njia mbili zilizobaki nikazitegea sauti ya Bimkubwa chini, moja mbele yake, moja akiba, ambayo haikufanya kazi hata mara moja.

Tulikuwa na muda kati ya Alasiri na Magharibi, siku moja, kwa sababu wenye watoto walikuwa na watoto. Bimkubwa alikuja na mafua. Akatafuna tangawizi. Nikakumbuka Lennon na siku yake moja, nikapanga nyimbo upya: za kuitikiana kwanza, za upole kati, na ule wa kumtoa bibi harusi, wa kupasua koo, mwisho kabisa. Aliuimba mara moja tu. Sauti ilikatika kwenye ubeti wa mwisho, na ndiyo nakala iliyomo, hakuna nyingine.

Na ile ya tatu, ya punda. Niliteremka nikiwa nimenuna, nikawaambia turudie. Bimkubwa akauliza kwa nini. Nikasema punda. Akasema, "Mwate," yaani mwache. "Naye ni wa mtaa." Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba Led Zeppelin wana wimbo katika *Physical Graffiti* ya mwaka 1975, waliourekodi bustanini, na ndege ikapita juu. Unamsikia fundi akiitaja ndege, na Plant anajibu iachwe. Imeachwa. Nikanyamaza.

Kuchanganya ndiko kulikonitia aibu. Nilifanya usiku kwa hedifoni, nikaona nimeua. Kesho yake nikaipiga kwa dada yangu, kwenye spika zake kubwa za harusi: pembe zikawa mvua ya mawe juu ya mabati, na Bimkubwa kama yuko ndani ya mtungi. Dada akasema kwa heshima, "Labda spika zangu." Si spika zake. Hata Mzee wa Kuni alipatwa. Andy Johns aliwashawishi wakachanganyie Los Angeles, wakarudi London wakaipiga, ikawa mbovu, wakarudia karibu nyimbo zote, albamu ikachelewa. Uliopona ni ule wa ngazi. Mimi nilirudia nyimbo zote sita, safari hii nikisikiliza kwenye redio ya jikoni ya dada, sufuria zikichemka, kwa sababu huko ndiko itakakopigwa.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa alisikia habari akataka kuiuza. Aliuliza jina la kundi. Hakuna. Jina la albamu? Hakuna. Picha? Hakuna. "Sasa dada, watu watanunua nini?" Nilitaka kumsimulia ya 1971, nikaona salio la simu ni kidogo.

Tulitoa flashi kumi na tano, kila moja imezungushiwa kipande cha leso na kushonwa uzi. WhatsApp marufuku. Nakala hutolewa kwenye flashi moja tu, ninayo mimi, na yeyote anayetaka huja kwangu. Ami aliposikia utaratibu huo alivua ufunguo wake wa zamani shingoni, akanipa. Kabati lenyewe lililiwa na mchwa zamani, lakini nimeutundika pale ninapowekea flashi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi Shela, upande wa wanawake, wakaiweka. Wimbo wa tatu ukafika, punda akalia, ukumbi wote ukacheka. Msichana mmoja aliyekaa mkeka mmoja na Bimkubwa akamwinamia: "Shangazi, hawa ni kina nani wanaoimba?"

Bimkubwa alikuwa akikunja tambuu. "Siwajui," akasema. Akaitia kinywani, akatafuna. "Punda namjua. Ni wa jirani."